Gundi Niliyoiacha Johannesburg

Wenzangu wa karakana, tangu nirudi mnaniuliza, na mimi nawajibu juu juu: safari ndefu, Joburg baridi, Deo anawasalimu. Wengine mmeanza kutania kwamba nilifuata mwanamke. Haya, ni kweli nilimfuata mwanamke. Ana miaka themanini na tatu. Kaeni niwaeleze, na mtu asinikatize mpaka nimalize, maana nikikatizwa nitapata kisingizio cha kuiruka sehemu yenyewe.

Kilichonitoa Morogoro

Mnajua niliishi Yeoville, kule Johannesburg, miaka sita, nikifanya useremala nyuma ya chumba cha Deo, yule Mrundi fundi cherehani. Mwaka wa mwisho nikapata kazi Cyrildene, mtaa wa Wachina, ambao kwa miguu haufiki saa nzima. Mama Fong alikuwa na duka la vyombo, nyumba ikiwa nyuma ya duka, na sebuleni kulikuwa na meza moja ndefu, nyembamba, iliyosimama ukutani. Juu yake zilikaa picha za wazee wao na chungu cha ubani.

Meza ile aliichonga baba mkwe wake huko kwao Guangdong, kwa mbao nyekundu ya ukoo mmoja na mninga wetu. Haikuwa na msumari hata mmoja. Kila kiungo kilikuwa ulimi umeingia tunduni, basi. Walipohamia Afrika waliifungua vipande vipande, wakavifunga kwenye mkeka, na walipofika wakaigonga kwa nyundo ya mti ikasimama tena. Mimi niliitwa kwa sababu ilikuwa imeanza kutikisika.

Mume wake, Mzee Fong, alikuwa seremala wa kufundishwa na baba yake, lakini kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mkono wa kulia na maneno yote. Siku ile Mama Fong alikuwa dukani. Mzee alikaa kwenye kiti, ananitazama ninavyofanya.

Nikaikagua meza nikaona ubao mpana wa juu umekaa kwenye mfereji uliochongwa ndani ya fremu, na ukiusukuma unacheza kidogo. Nikajisemea, hawa wazee walisahau gundi. Nikachukua chupa yangu nikaanza kuijaza mferejini pande zote. Mzee Fong akainuka. Akaja akiburuta mguu, akaweka mkono wake wa kushoto juu ya chupa, akaung'ang'aniza pale. Nilidhani anataka kusaidia, mzee wa watu amechoka kukaa. Nikacheka, nikampigapiga begani, nikauondoa mkono wake taratibu. Akaurudisha. Nikauondoa tena. Mara ya tatu hakuurudisha, alisimama tu. Nikabana meza, nikatia skrubu nane kwa chini, ikawa haitikisiki. Mama Fong alinisifu mpaka nikaona aibu.

Miezi mitatu baadaye nilirudi nyumbani, na miaka miwili baada ya hapo nikaajiriwa Dar kwenye karakana ya Mchina mmoja mtengeneza vitanda. Siku moja msimamizi wetu alinionyesha mlango wa kabati wenye ubao ndani ya fremu, akausogeza kwa kidole gumba kushoto na kulia. Akanieleza kwamba ubao hunywa unyevu wakati wa mvua ukatanuka, na wakati wa kiangazi husinyaa, kwa hiyo huachwa huru ndani ya mfereji. Ukiugandisha, utavuta huku na huku mpaka upasuke. Wallahi nilisimama pale na randa mkononi, nikauona ule mkono wa kushoto juu ya chupa yangu. Mzee alikuwa ananikataza.

Sikumwambia mtu. Nikajipa moyo kwamba labda haitapasuka. Halafu mwaka huu, mwezi wa saba, ikaja sauti ya Deo kwenye simu: "Mon frère, ndugu yangu, mzee wa Cyrildene alikufa. Na ile meza iko na mpasuko katikati, mkubwa. Mama anakutafuta wewe tu."

Sisi tuna arobaini, wao kwenye nyumba ile wana siku ya mia. Mpaka siku hiyo picha ya marehemu hukaa peke yake pembeni, na siku ya mia ikitimia huwekwa mezani pamoja na wazee waliomtangulia. Mama Fong hakutaka picha ya mumewe iwekwe juu ya meza iliyopasuka, na hakutaka fundi mwingine aiguse, kwa sababu mimi ndiye niliyeitengeneza vizuri. Hivyo ndivyo alivyomwambia Deo. Ilikuwa siku ya themanini na nane. Ningeweza kumwelekeza fundi wa Yeoville kwa simu, kazi ikaisha. Lakini kuna neno nililodaiwa kumwambia yule mama usoni, na neno kama lile halisemwi kwa simu.

Morogoro mpaka Tunduma

Niliondoka siku ya tisini na moja, nikihesabu kufika siku ya tisini na tano. Nilibeba begi la vifaa na ubao wa mninga, ule uliokaa juu ya dari ya jiko la mama miaka minane ukikauka. Mnaukumbuka, Chande ulishauomba mara mbili nikakunyima.

Kondakta alipouona hakuuliza. Aliuingiza chini ya basi kwa heshima, akaweka mizigo mingine mbali nao. Sikuelewa mpaka tulipofika Ruaha Mbuyuni, abiria waliposhuka kununua vitunguu, na baba mmoja akanishika mkono kwa mikono yake miwili akanipa pole. Akaniuliza marehemu tunamzika wapi. Kumbe tangu Mikumi basi zima linajua mimi nimebeba ubao wa jeneza.

Nilifungua mdomo nimsahihishe, nikaona nitaanzia wapi. Nikasema marehemu yuko Afrika Kusini. Akasema ni mbali sana, Mwenyezi Mungu akutie nguvu. Pale Iringa mke wake aliniletea sahani ya wali maharage iliyonunuliwa kwa mchango wa basi zima, na nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa. Ilikuwa kama uongo, ilikuwa kama kweli, na wali ulikuwa mtamu.

Nakonde

Upande wa Zambia tu, ubao ukakamatwa. Kijana wa forodha aliukwangua kwa ukucha, akaona wekundu, akamwita mkubwa wake. Huko kwao mbao nyekundu ina sheria zake, na mimi sikuwa na karatasi yoyote ya mbao, kosa langu mwenyewe. Mkubwa akasema jambo hilo litaangaliwa kesho asubuhi. Basi langu likaondoka.

Nililala nyumba ya wageni yenye godoro linalonuka mafuta ya taa. Asubuhi nikanunua chai na mandazi kwa mama mmoja, akaniambia yule mkubwa ni mtu mzuri ila hapendi kuharakishwa. Nikangoja kwenye benchi hadi karibu adhuhuri. Mkubwa mwenyewe ni mtu mfupi, mpole, anazungumza Kiswahili cha Nakonde kisicho na haraka. Nikamweleza habari ya meza yote, isipokuwa gundi.

Akaniuliza, "Sasa hiyo nafasi iliyopasuka, unahitaji ubao kiasi gani hasa?"

Nikamwonyesha kidole changu. Upana wa kidole, urefu wa fimbo.

"Mbona umebeba wote?"

Jibu nilikuwa nalo moyoni. Nilitaka Mama Fong anione naingia na ubao mzima begani, ubao wa miaka minane, kabla sijafungua mdomo. Nilitaka kutanguliza zawadi ili kosa lionekane dogo. Yule mkubwa alisema ubao ghafi haupiti, lakini kijiti kilichokwisha kupigwa randa ni kazi ya fundi, hana ugomvi nacho. Kwa hiyo nikaazima meza ya fundi jirani, nikapasua kipande changu, nikakipiga randa huku vijana wawili wa forodha wakitazama. Ubao uliobaki niliuacha Nakonde. Chande, nisamehe.

Kipande nilikifunga kwenye kanga nikaendelea na safari. Siku moja ilikuwa imekwenda.

Mpika, Lusaka, Chirundu

Basi la Lusaka liliharibika kabla ya Mpika, asubuhi jua likichomoza, porini. Sijui ni kifaa gani, dereva alisema kinatoka Kapiri. Tulikaa kando ya barabara mchana kutwa. Watoto walilia wakachoka. Akina mama waliwasha moto, mmoja akachemsha mihogo ya mfuko wa mtu asiyemjua, na mwenye mihogo akaja kula na sisi bila ugomvi. Mimi nilikaa juu ya begi langu nikihesabu siku kwa vidole, tisini na nne, tisini na tano, nikianza upya kila mara kana kwamba hesabu ingebadilika.

Jirani yangu alikuwa mama wa Kizambia anayeuza mitumba, Bwalya. Aliniuliza kijiti kilichofungwa kanga ni cha nini. Nikamwambia ni cha kuzibia mpasuko wa meza Johannesburg. Akanitazama, akauliza kama Johannesburg kumeisha miti. Nilicheka, mara ya kwanza tangu Morogoro. Halafu, sijui kwa nini, nikamweleza yeye habari ya gundi na ule mkono. Labda kwa sababu tungeachana Lusaka. Akasema mumewe alipougua alikuwa kila saa anaashiria dirisha, wao wakawa wanalifungua, kumbe alitaka lifungwe. Jioni basi likapona.

Lusaka nilikula nshima, ugali wao, na kapenta, dagaa wa huko, nikiwa nimesimama. Chirundu, mpakani mwa Zimbabwe, foleni ya malori ilikuwa ndefu kupita macho, nasi tukalala ndani ya basi upande ule ule tuliotokea. Siku ya pili ikaenda.

Harare mpaka Musina

Harare nilibadilisha basi, na huko kijiti changu kikapata cheo kingine. Bibi mmoja aliyeketi nyuma yangu alikiona kimefungwa kanga nyekundu, akaona nakilaza mapajani kwa uangalifu, akaamua mimi ni mganga. Alinigusa bega akaniomba nimtazame goti. Nikamwambia mimi ni seremala, bibi. Akaitikia kwa heshima kama mtu anayejua waganga hawajitangazi, akanipa chungwa. Mpaka mpakani alikuwa ananitupia jicho.

Mpaka ule wa Zimbabwe na Afrika Kusini ulikula siku ya tatu. Nilivuka nikaingia Musina nikiwa sisikii miguu, nikanunua pap, ugali wa huko, na soseji, na baridi ya Afrika Kusini ikanipokea, ile kavu inayopasua midomo. Niliipokea kwa woga. Baridi hiyo hiyo ndiyo iliyoivuta ile meza mpaka ikakatika.

Yeoville

Deo alinipokea Park Station siku ya tisini na nane, mchana. Amenenepa, ana mvi, bado anavaa futi yake ya kupimia shingoni hata akienda mjini. Kwake mkewe alikuwa amepika ndagala na sombe, yaani dagaa na kisamvu vya kwao, na binti yao, niliyemwacha hajaanza shule, alinisikiliza Kiswahili changu chote kisha akanijibu kwa Kiingereza kwamba nimekonda, eish. Nikamwambia ni kweli.

Deo alitaka nipumzike. Nikamwambia nikilala sitaamka na ule ujasiri nilionao. Akaniuliza ujasiri wa kutengeneza meza? Nikachukua kijiti changu nikasimama. Akanisindikiza kwa miguu hadi Cyrildene, amebeba begi langu la vifaa, na mlangoni kwa Mama Fong akanipa mkono akarudi kwenye cherehani yake.

Cyrildene

Duka limefungwa sasa. Mama Fong alinifungulia mwenyewe, mdogo zaidi ya nilivyomkumbuka, akaniita Fundi kama zamani. Huko Afrika Kusini hata Wazungu hutumia neno hilo, basi kwake yeye ni kama ndilo jina langu. Picha ya mzee ilikuwa juu ya kiti pembeni, imetandikiwa kitambaa cheupe chini yake. Picha za wazee wengine zilikuwa juu ya friji. Meza ilikuwa na mpasuko kutoka upande mmoja mpaka wa pili, penseli ingelala ndani yake.

Nilivuta pumzi niseme. Yeye akaniwahi. Alisema kwa Kiingereza chake kifupi kwamba nimetoka mbali mno, kwamba mume wake angekuwa hai angefurahi, akaniwekea bakuli la uji wa wali na yai la chumvi. Nikala. Nikasema nitaanza kazi. Hayo tu ndiyo niliyosema siku hiyo, na niliporudi kwa Deo nilijitukana njia nzima.

Siku ya tisini na tisa nilifika alfajiri. Nilitoa skrubu zangu nane moja moja. Nikaweka vitambaa vya maji ya moto juu ya gundi yangu, nikangoja, nikaweka tena, nikaikwangua kwa patasi nyembamba. Gundi ile iliachia kwa shida. Kila mahali ilipoachia palionekana kazi ya yule baba mkwe, mifereji iliyonyooka, ndimi zilizokatwa safi, hakuna mahali alipokisia. Mama Fong akaniletea nyundo ya mti ya mumewe. Nikaigonga fremu kidogo, nikageuza, nikagonga tena, na meza ikafunguka yote mbele yetu.

Kwa chini, kando ya kila kiungo, kulikuwa na alama za wino, ndogo, za Kichina. Miaka minne iliyopita niliziona nikadhani ni uchafu. Mama Fong aliinama, akazisoma kwa sauti. Mbele, kushoto. Nyuma, kulia. Baba mkwe alikuwa ameandika kila ulimi unaingia tundu gani, ili meza ihame na watoto wake popote watakapokwenda. Alama moja haikusomeka. Skrubu yangu ilikuwa imepita katikati yake. Mama Fong alipapasa lile tundu kwa kidole, akaendelea na inayofuata. Mimi nilijifanya natafuta randa.

Nilikipunguza kijiti cha mninga mpaka kikaingia mpasukoni kwa kusukumwa na kidole tu, nikakigandisha hapo na si mahali pengine. Wekundu wake ulikaribiana na wa meza, ukitazama haraka huoni. Ukitazama kama fundi unaona. Nikabana, nikaacha ikauke mpaka kesho.

Siku ya mia, asubuhi, nikaiunganisha. Yeye alisoma alama, mimi nikagonga. Ile isiyosomeka tulijua ni ipi kwa kuwa ndiyo iliyobaki. Ubao ulirudi mferejini mwake bila gundi, na nilipouwekea kidole gumba ukasogea, kushoto, kulia. Mvua za Desemba zitakapokuja utakuwa na pa kutanukia. Haukutikisika mguu hata mmoja. Mama Fong alifuta vumbi, akarudisha chungu cha ubani, akarudisha picha za wazee, kisha akaenda kuichukua picha ya mumewe kutoka kwenye kiti.

Hapo nikasema. Nikamwambia asubiri kwanza, Mama. Nikamwambia meza hii niliivunja mimi. Nikamweleza gundi, na kwa nini ubao ulipasuka, na kwamba mzee alikuja akaweka mkono juu ya chupa, mara ya kwanza, mara ya pili, na mimi nikamwondoa kama mtoto. Alikuwa ananifundisha, nikasema, na mimi nilikuwa nacheka. Nilisema yote nikitazama sakafu.

Nilipoinua macho alikuwa ameishika picha kifuani, ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

"Siku ile alikuja dukani analia," akasema. "Nilidhani kichwa kinamuuma. Nikampa dawa, nikamlaza."

Nikasema nisamehe, Mama. Hakulisikia hilo, au hakulijali.

"Daktari aliniambia akili yake imekwisha. Kwamba hajui kitu tena, anatazama tu. Nilimwamini." Akaketi polepole. "Nilimlisha, nilimwosha, kila siku. Lakini sikuongea naye tena. Nilisema, naongea na nani? Miaka minne, Fundi."

Jamani, nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Kufukuzwa, kutukanwa, hata kusamehewa. Hilo sikujiandaa nalo. Nilitaka kurudisha maneno yangu yote kinywani, nikaona nimekuja kutua mzigo wangu na nimemtwisha yeye. Mnaniuliza kama alinisamehe. Sijui, hakusema, na baada ya yale aliyoyasema mimi sikuona kwamba bado ni zamu yangu ya kuuliza.

Aliinuka. Aliiweka picha mezani, katikati, akaisogeza mpaka ikanyooka. Aliwasha ubani. Mimi nilikusanya vifaa vyangu pole pole bila kupiga kelele. Akavuta kile kiti kilichokuwa na picha, akakisogeza karibu kabisa na meza, akakaa, magoti yake yakigusa mbao.

Akaanza kuongea naye. Kwa lugha yao, sauti ya kawaida ya mtu na mume wake, kama anamweleza mambo ya soko na majirani, akinyamaza kidogo kila baada ya muda, akiendelea. Hakugeuka kunitazama. Nilichukua begi langu, nikatoka, nikaufunga mlango taratibu, na nikiwa tayari uani bado nilikuwa namsikia anaongea.